Sala Niliyoisoma Shimoni

Jumatano, 7 Juni 1967

Mzee Dunstani amefariki. Leo alfajiri. Habari kaileta mdogo wake, Mkadam, kwa baiskeli, kutoka shamba mpaka hapa Mchangani. Mimi na Ghanim, fundi mwenzangu, tulikuwa barazani tumefumua godoro la watu, usufi umetujaa puani. Nikasimama ghafla – usufi wote ukaruka barabarani. Ghanim akaanza kunigombeza, halafu akasikia jina la maiti, akaweka sindano chini.

Mtani wangu! Yeye Mzigua, mimi Mnyamwezi. Nilipofika Unguja kuchuma karafuu ndiye aliyenipokea, na alinipokea kwa matusi. Karibu mpagazi, mzigo umeutupa wapi? Nami nikamjibu mabaya zaidi. Toka siku hiyo nikawa na kwetu hapa kisiwani.

Alikuwa mwalimu wa kanisa, kile kikanisa cha mabati njia ya Chukwani. Padri asipofika, yeye ndiye anayesalisha, yeye ndiye anayezika. Sasa yeye atazikwa na nani? Padri Mhina yuko Pemba na meli haijulikani inarudi lini.

Kesho nina kazi. Mtani asiyefanya vituko msibani ni kama amemwambia marehemu: hukuwa mtu.

Ila kanisani mimi si mtu wao. Kule kwetu Sikonge nilisoma shule ya misheni madarasa matatu, nikatoroka kabla ya kubatizwa. Kusoma najua. Kusali sijui.

Alhamisi, 8 Juni

Mikono bado ina udongo. Naandika hivyo hivyo.

Nilifika mapema nikaanza kazi. Nikaingia ndani, nikachukua kanzu ya marehemu, ile nyeupe ya kusalishia, nikaivaa. Nikavaa na miwani yake iliyofungwa uzi. Nikatoka uani kwa mwendo wake, mguu mmoja unaburura, nikakohoa kikohozi chake cha kabla ya sala – kirefu, cha mtu anayetafuta kitu kifuani. Wanawake waliokuwa wanalia wakaangua kicheko. Hata Bi Perpetua, mjane mwenyewe, nilimwona kajifunika kanga na mabega yanacheza. Nikasema huyu Mzigua hajafa, anakwepa zamu yake ya kufagia kanisa, mtekenyeni tu ataamka. Nikadai chai. Nikadai mto wa kukalia. Ndivyo inavyotakiwa.

Makaburini nikafanya kubwa zaidi. Kabla maiti hajashushwa nikavua viatu, nikarukia shimoni, na kanzu yake mwilini, nikalala chali. Sitoki mpaka nikombolewe kwa kuku! Hiyo ni haki ya mtani, hakuna wa kumtoa. Ghanim alikuwepo, amekuja na Waislamu wenzake wa mtaani kubeba jeneza. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Huko juu wazee walikuwa wanabishana. Nani asome? Mkadam ni Mwislamu, alisilimu zamani, hawezi kumsomea kaka yake sala za Kikristo. Wengine hawajui kusoma. Mmoja anajua, lakini macho yameingia ukungu. Jua linapanda, na padri yuko Pemba. Bi Perpetua akaja mpaka ukingoni na kitabu cha sala mkononi. Akanitazama kule chini.

"Kuku hapana," akasema. "Kanzu unayo, miwani unayo, kukohoa unajua. Mtani, soma."

Nikadhani ananijibu utani kwa utani. Nikasimama mle mle shimoni, nikakohoa. Watu wakacheka kidogo. Nikafungua mahali palipowekwa alama, nikaanza kwa sauti ya puani ya mzee. Mstari wa kwanza nilikuwa nacheza. Wa pili nilikuwa nacheza. Halafu sijui. Ile sauti ya puani ilinitoka, ikabaki yangu. Udongo ulikuwa unanimwagikia mabegani, wa baridi, na nikitazama juu naona kipande cha mbingu, upana wa mlango tu, na nyuso zimekizunguka. Hakuna aliyekuwa anacheka. Nikasoma mpaka mwisho. Walipoitikia Amina nilisisimka mwili mzima, machozi yakanitoka, na sikuwa namlilia Mzee Dunstani.

Wakanivuta kwa mikono. Wakamshusha yeye. Hakuna aliyenipa kuku, nami sikudai.

Jumapili, 11 Juni

Silali. Fundi wa magodoro, mwenyewe nalalia kitanda cha kamba, nageuka kama chapati. Kilikuwa kitu gani kile? Joto? Njaa? Nilikuwa nimekula.

Nimekwenda kumrudishia Bi Perpetua kanzu. Kakataa! Kitu alichochukua mtani hakirudi bila kukombolewa, na yeye kukomboa hataki. Kaa nayo, anasema. Mjanja yule mama.

Nimeitundika msumarini. Kisha nikaigeuza ielekee ukutani – eti kanzu ina uso!

Ijumaa, 16 Juni

Wamekuja watu wawili kutoka shamba, wanataka nikamsomee mgonjwa wao. Nikawaambia mimi nashona magodoro. Wakasema wanajua. Wakakaa pale pale barazani wakinisubiri nimalize mshono! Nikaenda. Nikasoma. Mgonjwa kanishika mkono hakuniachia.

Niliporudi Ghanim kanipokea: "Mnyamwezi, watu wanakwita padri na hata maji hujatiwa! Mie ntu mzima huyu, naswali toka utoto, hapana aliyenambia nisimame mbele." Alikuwa anatania, lakini si kote. Huyu bwana kabla ya Mapinduzi alikuwa na shamba la mikarafuu, na watumishi. Sasa ana sindano, na mimi. Haongei sana juu ya hayo.

Baadaye kaniuliza taratibu nilisikia nini mle shimoni. Nikamjibu sikusikia kitu.

"Basi mbona hutulii?"

Nilimjibu kwa kuupiga usufi kwa fimbo mpaka akakohoa.

Jumanne, 27 Juni

Padri Mhina karudi. Kesi! Kaniita nyumbani kwa Bi Perpetua, kakaa kwenye kiti, mimi kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Amekasirika kwelikweli. Anasema nimemchezea Mungu mbele ya maiti. Nimezunguka na kitabu cha sala kwa wagonjwa, mtu asiyebatizwa. Nikisema nilisoma kwa moyo, nani alinituma? Nikamwambia hilo ndilo ninalouliza na mimi.

Halafu akasema kanzu ni mali ya kanisa, niirudishe.

Nikainuka. Bi Perpetua akanizuia. Akamgeukia padri kwa adabu kabisa, mikono magotini. "Padri, wewe Mbondei. Huyu ni mtani wako pia. Huwezi kumnyang'anya, mkomboe."

Padri akamtazama. Akanitazama mimi. Akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Nimeogopa. Nadhani nimefukuzwa mahali ambapo sijaingia bado.

Jumatano, 28 Juni

Padri kaja Mchangani asubuhi. Jogoo mwekundu ananing'inia kwenye usukani wa baiskeli, miguu juu, analalama mtaa mzima. Wauza samaki wamesimama wanatazama. Padri hakucheka hata chembe. Kanikabidhi jogoo, nikamkabidhi kanzu. Akaikunja vizuri.

Halafu akasema darasa la ubatizo ni kila Jumamosi saa tatu, na hapendi watu wanaochelewa.

Sikumwomba mimi!

Jumamosi, 22 Julai

Nimekwenda tena darasani. Kwa nini nakwenda? Kila Ijumaa naapa siendi. Tuko mimi, mama mmoja mpishi na watoto. Benchi ni la watoto, magoti yananifika kidevuni. Padri akiuliza swali najibu haraka mno, tena kwa mzaha, watoto wanacheka, mpishi anacheka. Leo kanitoa nje. Nikasimama dirishani nikasikiliza somo lote. Mwisho akauliza ndani nani anaweza kulirudia somo – wote kimya. Nikalirudia kutoka dirishani. Hakunisifu. Ila hakufunga dirisha.

Jumanne, 19 Desemba

Ramadhani, na Sikukuu inakaribia, kila nyumba inataka magodoro yake yafumuliwe na kujazwa upya. Ghanim amefunga, midomo imekauka, lakini sindano haisimami. Mimi nakunywa maji kwa kujificha nyuma ya mlango. Amenishika leo! Kasema kunywa bwana, mie sinywi kwa kukuogopa wewe?

Jana nilifunga sanduku. Nirudi Sikonge. Nilime tumbaku, nioe, niwe mtu wa kawaida. Nikalifungua. Nikalifunga. Ghanim kaliona liko mlangoni, akangoja adhana ya magharibi, akafuturu tende na maji, ndipo akaniambia kuwa miaka mitatu iliyopita yeye angeweza kwenda Maskati na jamaa zake. Alifika gatini. Akarudi.

Nikamuuliza kwa nini.

"Nlikuwa sinsikii mtu akinita kule," akasema. "Basi."

Nimetoa nguo zangu sandukuni.

Jumatatu, 15 Aprili 1968

Nimebatizwa! Pasaka, jana. Maji yaliingia masikioni, sikusikia nusu ya maneno. Bi Perpetua ndiye mama yangu wa ubatizo, alivaa viatu, jambo la ajabu. Alipoulizwa jina akasema Isaka. Padri alishangaa, tulikuwa tumepanga Filemoni. Bi Perpetua akasema Filemoni hachekeshi. Sara alipoambiwa atazaa alicheka nyuma ya mlango, na Mungu hakumnyima mtoto kwa kicheko, basi huyu aitwe kama huyo mtoto.

Padri akainamisha kichwa, nikadhani anaomba. Anazuia kicheko! Akasema huko kwetu si ni stesheni ya garimoshi, hiyo Isaka? Nikamwambia ndiyo. Basi garimoshi na lisimame, akasema, akanimwagia maji.

Nikadhani sasa nitatulia. Nimelala jana kama gogo.

Leo tena silali.

Jumapili, 16 Juni

Mwezi wa pili huu padri ananiacha nisalishe kikanisani. Nasoma vizuri. Sikosei. Watu wanaitikia vizuri. Na hakuna kitu! Kifua kikavu, kama karani anayesoma majina ya watu. Mle shimoni nilikuwa nacheza, nikashikwa. Hapa sichezi, na sishikwi.

Leo katikati ya mahubiri nilichoka na sauti yangu. Nikakohoa – kile kikohozi. Sikukusudia. Kanisa zima likacheka, na Bi Perpetua akapiga makofi mara moja, pa! Nikaendelea kusema, na maneno yakaja yenyewe, yana moto, nikasahau mikono yangu iko wapi. Mzee wa macho ya ukungu alilia.

Padri kasimuliwa. Jioni kanambia Mungu si mtani wangu.

Nami nimekaa hapa najiuliza: kama si mtani wangu, mbona aliniita wakati ule?

Jumatano, 3 Julai

Padri kaniita kwake Mkunazini. Kanitengea chai, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Anataka kunipeleka bara, upande wa Tanga, chuo cha walimu wa kanisa. Miaka miwili. Nikifaa, labda mbele zaidi. Labda upadri! Hakulisema neno hilo, alilizunguka. Siku hizi kutoka kisiwani ni lazima upate ruhusa, na ruhusa ataitafuta yeye. Nilitaka kurukaruka. Kikombe kiligonga sahani.

Halafu sharti. Utani wa barabarani sawa, hata yeye yumo. Utani msibani basi. Mwalimu wa kanisa harukii shimoni. Hadai kuku kwa wafiwa. Akisikia nimefanya mara moja tu, safari hakuna, na kitabu cha sala nitakirudisha. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyelifikiri jambo kwa muda mrefu: watu wakimzika mtu wao wana haki ya kumwona mtu mmoja asiyecheza.

Ana haki. Nimeahidi.

Ghanim kafurahi kuliko mimi, kasema atanishonea godoro la chuoni, la usufi mtupu, bila makumbi ya nazi katikati. Halafu akaanza kuchambua usufi uliokwisha chambuliwa.

Jumapili, 25 Agosti

Bi Perpetua hali mbaya. Homa, na kifua. Ruhusa yangu imetoka, meli ni Jumamosi, nilikwenda kumwambia. Kitandani amebaki kidogo sana. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikafungua kitabu nimsomee.

"Funga," akasema. "Hebu nambie kwanza, Wanyamwezi wameacha kuiba kuku?"

Nilicheka, lakini sikujibu. Padri alikuwa chumba cha pili. Bi Perpetua akanisubiri. Nikaanza kusoma. Akageuza uso ukutani.

Nilipomaliza akanigeukia. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, maana hayanitoki: "Isaka, nkifa usinizike kama mkwe. Mume wangu alizikwa na watu wanacheka, akaenda kama mtu aliyekuwa na watu. Mie ntazikwa na karani?"

Nikamwambia nimeahidi kwa padri. Akasema na yeye ndiye aliyenisimamia nikitiwa maji. Akafumba macho. Nilikaa hapo nikiwa na hasira – na padri, na yeye, na mzee Dunstani aliyekufa bila kumngoja padri, na Mungu! Aseme moja basi. Aliyeniita ananitaka nikiwa mtu gani? Kama nilimsikia kwa sababu nilikuwa nacheza, nikiacha kucheza nitamsikia na nini? Na kama naogopa kuacha kucheza kwa sababu napenda kuchekwa tu, basi sikuitwa kamwe, na chuoni naenda kula chakula cha bure.

Nimetembea kutoka Chukwani mpaka mjini kwa miguu. Sikuona njia.

Alhamisi, 29 Agosti

Amefariki jana mchana. Naandika nyuma ya kikanisa, karatasi juu ya goti. Ndani wanamalizia kumvika. Kaburi liko tayari pembeni ya mumewe, nimekwenda kulichungulia, wamelichimba vizuri, kuta zimenyooka.

Padri Mhina yupo. Angeweza kuzika yeye. Kanipa kitabu mimi, akasema atasimama nyuma. Hakusema ni mtihani. Sura yake ni nzito leo, macho mekundu – alimpenda yule mama, hata yeye. Asubuhi alimletea Mkadam maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe.

Wazigua wote wamekuja. Wamekaa mkekani toka alfajiri, kimya, wananitazama. Wananingoja. Sijafanya kituko hata kimoja. Nimewasalimu mmoja mmoja kwa heshima, nimewapa pole, nimekaa pembeni na kitabu changu. Msiba ni mkavu! Hakuna anayecheka, kwa hiyo hakuna hata anayelia vizuri. Wanawake wamekaa tu. Mkadam alinifuata hapa nyuma, akachuchumaa, akaniuliza kwa sauti ya chini: shemeji yangu alikukosea nini, Mnyamwezi?

Hilo limenichoma. Nikamwambia hakunikosea. Akasubiri nimweleze. Nikafungua kitabu. Akainuka akaenda zake, mzee yule, anajipangusa uso kwa kilemba.

Ghanim naye yuko, kaja kubeba. Kanitazama kwa mbali, akatikisa kichwa, sijui ndiyo sijui hapana.

Nimejaribu kusali. Nimesema: leo niambie. Nikasubiri. Kunguru tu. Nikasema tena, na nikasikia sauti yake Bi Perpetua kichwani ikiuliza habari ya kuku, nikaanza kucheka peke yangu na kulia peke yangu, na hapo hapo – hapo hapo! – mwili ukasisimka, kama siku ile ya udongo mabegani. Mwaka mzima na zaidi nimekitafuta kitu hiki. Kimenijia huku nimeziba mdomo kwa mkono nisisikike.

Jeneza linatoka. Nasikia miguu ya watu. Mkadam anaita upande wa kaburini, sauti imekwaruza: "Mtani!" Na padri anaita kutoka mlangoni: "Mwalimu Isaka!" Wameita pamoja. Nimeitika naam.

Wote wawili wameacha kuita. Kila mmoja anajua ameitikiwa yeye. Kitabu kiko kwapani, naweka kalamu, viatu nimeshavivua – wala sijui nimevivua saa ngapi –